Kilo Tisa za Mama Bior

Kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kina uzito wa kilo tisa. Si kila siku. Kuna siku huwa na kilo mbili tu, na mtu akiniudhi hupanda hadi kumi na sita. Nayajua haya kwa sababu nilisimama miaka kumi kando ya mizani ya kiwanja cha ndege cha Kakuma, nimejifunga shuka refu linaloburura vumbi, na chini ya shuka lile mguu wangu ulikuwa na maisha yake ambayo hata padri hakuyajua.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia, ya mwezi wa Septemba mwaka 2013, aliyesimama juu ya mizani alikuwa Agot, mama yake Bior. Begi lake lilikuwa begani. Viatu alikuwa amevivua. Pumzi nayo alikuwa ameibana, kana kwamba hata pumzi huandikwa kwenye karatasi ya rubani. Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukatulia. Nami, bila kugeuza uso, bila hata kuacha kutafuna msuaki wangu, nikausogeza mguu.

Wanaopanda ndege kubwa za Nairobi hawaijui fedheha ya kupimwa. Ndege ndogo ni kama punda mwenye adabu: hubeba unachompa, wala halalamiki mpaka muwe mmefika katikati ya njia. Kwa hiyo kabla ya safari kila abiria hupimwa pamoja na mzigo wake, mbele za watu, kama gunia la mahindi; na mizani yetu ilikuwa kweli ya magunia, ile ya jukwaa la chuma, iliyostaafishwa kutoka ghala la chakula. Halafu kuna joto. Saa tano ikishapita, hewa ya Turkana huwa nyepesi kama uji wa nyumba yenye watoto wengi, na ndege haina cha kukanyagia. Kilo chache tu zinaweza kuwatenganisha watu na kwao.

Watu wetu walipoanza kupimwa walidhani ni heshima. Huku kwetu kitu kizito ndicho kitu cha maana. Nani amewahi kumsifu mbuzi mwepesi? Mzee mmoja kutoka Lokitaung aliposikia kwamba siku ya safari atasomewa uzito wake hadharani, alikunywa maji tangu alfajiri, akala kichwa kizima cha mbuzi, akapanda mizani akiwa na kigoda chake, ekicholong, mkononi. Nilipotangaza kilo hamsini na tatu alinitazama kama niliyemtukania ukoo. “Pima tena,” akasema, “na safari hii upime na ng’ombe niliowaacha nyumbani.” Nikakitumia kidole, nikampa sitini na tano. Akaipanda ndege ile kama bwana harusi.

Hivyo ndivyo mchezo wangu ulivyoanza, kwa wema. Baadaye ukawa utundu. Ofisa mmoja mwenye kitambi kilichomtangulia kama mjumbe nilimpandisha hadi mia moja thelathini na moja. Akashuka jasho likimtoka, akaapa kuacha ugali. Nikamwambia apande tena, nikakiondoa kidole, akapungua kilo kumi na moja papo hapo. Alinishukuru! Rubani wa siku zile alikuwa akiijua michezo yangu, akiandika namba ya mwisho tu. Na Agot, kwenye kibanda chake cha chai pale ukingoni mwa kiwanja, alicheka mpaka akalimwaga birika.

Kiwanja chenyewe sikukichagua. Niliolewa nacho. Mume wangu, Longor, alikuwa kijana wa kufyeka miiba kwenye kiwanja cha Lodwar wakati mimi ni msichana wa darasa la saba kwa masista. Ndege ilikuwa moja kwa mwezi, na ilileta daktari, barua na dawa ya macho. Mji mzima ulikimbia kwenda kuitazama. Longor alikuwa na filimbi ya kufukuzia mbuzi na ndoo ya chokaa ya kupaka mawe ya kando, na mwanamume mwenye filimbi na ndoo ya serikali hakuwa mtu wa kupuuzwa. Nikamkubali. Baadaye ikaja miaka ya njaa, ndege zikawa nyingi kama nzige, na zile zilileta chakula badala ya kukimaliza. Mwaka wa 1992 watu wa Sudan waliokimbia vita walipoingia Kakuma kwa miguu na kujengewa kambi, ndege zikawafuata, na Longor akahamishwa kuzifuata ndege. Nami nikamfuata Longor. Kila kitu hapa kimefika kwa kukifuata kingine.

Kulikuwa na miaka ambayo vumbi la kiwanja cha Kakuma halikupata nafasi ya kutua. Halafu amani ikaja upande wa pili wa mpaka, ndege zikaanza kupungua, polepole, kama wageni wanaoaga mmojammoja ili msiba usionekane kuvunjika. Longor hakuingoja amani hiyo; aliaga dunia mwaka wa 2003. Ofisi ikanipa kazi yake, ya kufukuza mbuzi, kupandisha ile soksi ya kitambaa inayoonyesha upepo na kupima watu, nadhani kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeitaka. Mwaka wa 2012 mafuta yakagunduliwa, kiwanja cha Lodwar kikajaa wanaume wenye buti ngumu, na sisi wa Kakuma tukabakiwa na Jumanne na Ijumaa.

Siku nyingine tano ni za upepo. Wanaoishi kando ya barabara hawawezi kuelewa. Barabara isiyo na gari bado ina mtu, bado ina punda, bado ina mlevi. Kiwanja kisicho na ndege ni uwazi ulionyooshwa kwa rula. Nilikipima kwa hatua zangu: elfu moja mia sita na kumi kutoka jiwe hadi jiwe, na nilipozeeka zikawa elfu moja mia nane, ingawa kiwanja hakikukua. Mwanangu Nathan yuko Nairobi. Humpigia mama yake simu kila anapokumbuka kwamba ana mama, na kumbukumbu yake si ya ndovu.

Kwa hiyo unaweza kuelewa Agot alikuwa nini kwangu. Ndiye aliyekuwa mtu wa Jumatano. Ndiye Alhamisi, Jumamosi na Jumatatu.

Alikuja Kakuma mwaka uleule wa 1992 akimshika Bior mkono, na mtoto mwingine mgongoni ambaye hakufika. Aliweka kibanda cha chai ukingoni mwa kiwanja, na siku ya kwanza tukagombana kwa sababu mbuzi waliokula majani yake ya chai walikuwa wangu. Siku ya pili tukagombana tena. Ya tatu nilikwenda mwenyewe kutafuta ugomvi, maana siku ile hakuwa amekuja mtu mwingine yeyote.

“Nyinyi Turkana mnapenda ngamia,” aliniambia, “kwa sababu iko na hasira kama yenu na midomo kama yenu.”

“Na nyinyi Wadinka mnamwimbia ng’ombe nyimbo za mapenzi,” nikamjibu. “Sisi angalau ngamia hatumdanganyi.”

Alinicheka waziwazi, nikaona kwamba naye hana meno ya chini ya mbele, kama mimi. Kwao huyang’oa, kwetu huyang’oa. Nikamwonyesha langu pengo, akanionyesha lake. Sijui kama mataifa makubwa yana njia bora zaidi ya kufanya mkataba.

Miaka ishirini na moja tukawa hivyo. Yeye alichemsha, mimi nilikunywa. Mimi nilisengenya, yeye aliitikia. Na wakati wote mikono yake ilikuwa na sindano. Wanawake wa kwao hudarizi mashuka ya kitanda, milaya, kwa ajili ya bibi harusi: maua, tausi, mabata yanayotazamana. Agot alikuwa akiidarizi milaya moja tu, ya mke wa Bior, mke ambaye hakuwa amepatikana bado. Kwenye pembe moja alitia ndege ya abiria. Nilimwambia inafanana na mbuzi aliyetanua masikio. Akaifumua, akaishona upya. Ikafanana na mbuzi yule yule, ila mnene zaidi.

Bior alikwenda Bor, mji wa kwao ng’ambo ya mpaka, amani ilipotulia. Alifundisha shule, akajenga nyumba. Mwezi wa Agosti simu ikaja: mke amepatikana, ng’ombe wamekubaliwa, harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na mama ndiye wa kumpokea bibi harusi mlangoni. Kanisa lilikuwa likipeleka wazee wachache nyumbani kwa ndege ndogo, kupitia Loki, pale mpakani, kugonga mihuri. Jina la Agot likaandikwa, la kumi na moja kati ya kumi na moja.

“Nikikwenda, Mama Nathan, nakwenda kabisa,” akaniambia akisugua birika kwa mchanga. “Mkwe atazaa. Nani atashika mtoto?”

“Si huko nako kuna wanawake?”

“Wako. Lakini hawajui kubeba mtoto kama mimi.”

“Nenda,” nikasema. “Utaniondolea moshi.”

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kusugua. Nami nilirudi kwangu, nikaketi mlangoni, na kiwanja kilikuwa kirefu kuliko nilivyopata kukiona.

Sikupanga. Hilo naomba liaminiwe, ingawa najua uongo wangu mwingi umeanza kwa maneno hayohayo. Ijumaa ile niliamka nikiwa na nia ya kumuaga vizuri. Nilivaa shanga zangu nzuri. Nilifukuza mbuzi mapema. Ndege ikatua saa tatu unusu badala ya saa moja, maana ilichelewa Lodwar, na rubani aliyeshuka hakuwa yule niliyemzoea, bali binti wa Kikalenjin aitwaye Chelangat, mwembamba, mpole wa sauti, na mwenye macho ya mwalimu wa hesabu. Aliandika kila namba niliyoitaja kabla sijamaliza kuitaja. Kumi walipita sawasawa. Kisha Agot akapanda, akabana pumzi, na mguu wangu ukasogea.

“Themanini na tano,” nikatangaza.

Ilikuwa sabini na sita, yeye na begi lake. Chelangat akajumlisha kwenye karatasi aliyoiweka pajani, akajumlisha tena.

“Tumezidi kilo nane,” akasema. “Mama, wewe ndiye wa mwisho kwenye orodha. Punguza mzigo, au samahani, ungoje safari nyingine.”

“Ni lini?”

“Wiki tatu. Labda nne. Kanisa ndilo linaloamua.”

Harusi ilikuwa siku nane mbele. Agot alishuka, akaliweka begi chini kwenye kokoto, akalifungua. Nilidhani atalia, na nilikuwa nimeshajiandaa na maneno ya kumliwaza. Nilikuwa nimeyachagua, nikayapanga, kama mwizi anayemletea mwenye nyumba taa ya kutafutia alichoibiwa. Wiki tatu au nne, nilijiambia, si dhambi kubwa. Harusi itafanyika, picha zitaletwa, na kwa muda ule anaweza kuona kwamba hapa napo ni nyumbani.

Akatoa sufuria, nzito, ya kupikia watu wengi. Akapanda mizani. Nikakaza kidole kidogo.

“Themanini na nne unusu.”

Akashuka, akatoa pasi ya makaa. Akapanda. Nikakaza tena.

“Themanini na nne.”

“Mama Nathan,” akasema, akitazama mbele tu, kule kwenye ndege, “mizani yako leo iko na njaa.”

“Ni joto,” nikamjibu. “Chuma hupanuka.”

Akatoa mfuko wa sukari. Akatoa kanga mbili na kitabu cha nyimbo cha kanisa. Wazee waliopimwa walikuwa wamekaa kwenye mizigo yao wakimhurumia kwa vichwa. Mama mmoja akamwambia awaachie ndugu zake kambini, watamtumia. Vitu vya Agot vikawa vimetandazwa kwenye kokoto kama vya mtu aliyefilisika, na mshale ulikuwa bado kwenye themanini na tatu. Kidole changu kilianza kufa ganzi.

“Sasa nitoe nini?” akauliza. “Nitoe na meno?”

“Ya chini yalishatoka, Mama Bior,” nikasema. “Ulishapunguziwa.”

Wote wakacheka, hata Chelangat akatabasamu. Agot naye alicheka, pengo lake likaonekana. Miaka yote niliyomjua kicheko kile kilikuwa kama chai yake, hakikunipita bila kunipasha joto. Siku ile kilinipita.

Kisha, akiwa bado juu ya mizani, aliingiza mikono begini akaishika milaya. Hakuitoa mara moja. Aliishika kwa mikono miwili, kama mwanamke anavyomshika mtoto mgongoni kabla ya kumlegezea kitambaa. Ile pembe ikachungulia kutoka mdomo wa begi, na yule mbuzi wangu mnene mwenye masikio ya bawa akanitazama.

Sikuamua kitu. Kidole ndicho kilichoondoka.

Mshale ukaanguka kama jiwe. Ukapita themanini, ukapita sabini, ukasimama ukitetemeka kwenye sitini na saba.

Chelangat aliinua kichwa. “Nyanya,” akasema polepole, “hajatoa kitu, na mshale umeshuka.”

Nikaurudisha mguu chini ya shuka.

“Kama mizani ni mbovu, siwezi kuruka. Maana yake sijui uzito wa mtu hata mmoja hapa.” Akatazama saa, akalitazama jua. “Na hakuna mizani nyingine mpaka Lodwar. Jamani, samahanini. Itabidi safari iahirishwe.”

Hapo ndipo shetani alipoleta kigoda akaketi kando yangu. Kila nilichokitaka kilikuwa kimewekwa mkononi mwangu, kimeoshwa. Ilibaki ninyamaze tu. Chuma kingebeba lawama, na chuma hakina uso wa kuona haya. Agot angekusanya vitu vyake, angerudi kibandani, na mimi ningekwenda Jumamosi kumlaani rubani pamoja naye. Wazee kumi wangelala tena kambini. Miaka ishirini na moja wamelala, usiku mmoja ungewaua? Nilimwona mmoja wao akianza kukunjua miguu aondoke. Hakubisha. Alikuwa ameshazoea kuambiwa kwamba si leo.

“Mizani ni nzima,” nikasema. “Mbovu ni mimi.”

Wakacheka. Walicheka sana, wale wazee, kwa jinsi mtu anavyocheka akiwa amepoteza kitu. “Huyu mama!” mmoja akasema akifuta macho. Hivyo ndivyo nilivyolipwa: miaka kumi ya mzaha, na siku niliyoleta ukweli hakuna aliyekuwa na chombo cha kuupokelea.

Nikamwomba Agot ashuke. Nikapandisha shuka langu mpaka gotini, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu halifanyi mbele za watu, nikaweka kidole juu ya jukwaa tupu, kweupe. Mshale ukapanda hadi tisa. Nikakiondoa, ukarudi kwenye sifuri. Nikakiweka tena. Tisa. Kicheko kikaisha mmoja baada ya mwingine, na yule mzee aliyekuwa amekunjua miguu akaikunja tena.

“Kwa nini?” Chelangat akauliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu, na hasira ingekuwa rahisi zaidi.

Nilitafuta neno. Nina maneno mengi; watu hunialika kwenye misiba ili nisiwaache walie moja kwa moja. Sikulipata hata moja. “Alikuwa anakwenda,” nikasema.

Chelangat aligeuza karatasi upande mweupe. “Una umri wa nyanya yangu, kwa hiyo sitasema ninachotaka kusema. Lakini nitaandika.”

“Andika, binti yangu.”

Akaandika. Kisha akapima kila mtu upya kwa mikono yake mwenyewe, nami nimesimama mbali kama kondoo mwenye upele. Bado kulikuwa na nafasi ya kilo moja. Agot alirudisha sufuria, pasi, sukari, kanga na kitabu. Nilisogea nimsaidie kukunja milaya, akaniachia pembe mbili, tukaikunja pamoja, tukikaribiana na kuachana, kama tulivyokunja mashuka siku zote. Hakunitazama. Alipanda ngazi, akainama kwa sababu ya urefu wake, akapotea ndani. Ndege ilikimbia hatua zangu elfu moja mia mbili kabla ya kuinuka. Nilizihesabu. Sikuwa na kazi nyingine.

Wiki mbili baadaye akaja Lomenen kutoka ofisi ya Lodwar, kijana wa ukoo wa mama yangu, na mizani mpya ya betri isiyozidi sahani. “Ata,” akaniambia, yaani nyanya, akiizungusha kofia mkononi, “ofisi inasema upumzike.”

“Nimechoka nini?”

Akachukua filimbi ya Longor kwa sababu ilikuwa kwenye orodha ya vitu vya ofisi. Sijui ni nani aliyeiandika humo. Mbuzi nao, nilivyoona wiki iliyofuata, walikuwa wakitafuna majani katikati ya kiwanja bila wasiwasi wowote, na hakuna aliyenituma kuwafukuza.

Katikati ya Oktoba simu yangu ikalia. Nilidhani ni Nathan amekumbuka.

“Mama Nathan! Ejok?”

Nilikaa chini pale pale nilipokuwa. “Ejok-nooi,” nikasema. “Ni nani huyu anayeiharibu lugha yetu?”

“Harusi ilikuwa kubwa. Bibi harusi ni mrefu kunishinda. Milaya wameitundika ukutani, watu wanauliza huyu mbuzi ni ya nini.”

“Mama Bior,” nikasema, “siku ile—”

“Mimi niliona kidole mapema,” akanikata. “Ile themanini na tano. Unadhani miaka yote nilikuwa nacheka nini pale kibandani? Kilo zangu nazijua.”

“Uliona? Na ukatoa vitu vyote vile?”

“Niliona.”

“Mbona hukusema?”

Nyuma yake nilisikia jogoo, na mtu akitwanga. “Nilitaka kuona utanitaka kwa kilo ngapi,” akasema. “Bwana yangu alinioa kwa ng’ombe thelathini, na hakuniuliza kama nataka kukaa. Hakuna mtu amewahi kunishika hivyo. Nikasema, wacha nitoe sufuria, nione. Nikatoa pasi, ukashika. Nikatoa sukari, ukashika. Kweli, Mama Nathan, nilikuwa karibu kukaa.”

“Na milaya?”

“Milaya ilikuwa ya mwisho. Kama ungeshika mpaka milaya, ningeshuka nikae. Lakini ukaniachia.”

Akaanza kunieleza habari za mto, samaki na majirani wenye kelele, nami nikaitikia, kama yeye alivyokuwa akiniitikia. Muda wa simu ukaisha katikati ya sentensi. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke niliuona usingizi ukija wenyewe. Akapiga mara mbili tena Novemba. Mkwe alikuwa na mimba.

Jumatatu ya katikati ya Desemba redio ikataja vita Juba. Alhamisi ikataja Bor. Nikapiga namba ya Bior, sauti ya mashine ikanijibu kwa upole ambao ningeweza kuukaba koo. Nikapiga Ijumaa. Nikapiga siku ya Krismasi. Hapa kambini wanawake wa kwao walikuwa wakikaa kimya mafungumafungu, simu mapajani, na kila iliyolia wote walishtuka.

Majirani wanajua kisa changu. Kakuma haina siri ndefu. Wamenisamehe, na baadhi yao siku hizi husema, laiti ungekikaza kile kidole, Mama Nathan. Husema kwa wema, wakitikisa vichwa. Sipendi wakisema hivyo. Kuna hesabu nyingine mtu huianza akaiacha hapo hapo, akaenda kutafuta kuni.

Kuelekea mwisho wa mwaka watu walianza kuingia. Hawakuja kwa ndege. Walikuja kwa malori kutoka mpakani, na kituo cha kuwapokea kiko upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima kwa miguu yangu. Nilianza kwenda kila asubuhi. Kijana wa daftari, naye Mdinka, aliniuliza mimi ni nani wa nani. Nikamwambia namtafuta Agot, mama yake Bior, wa Bor. Akauliza, ni nduguyo? Nikamtazama rangi yake na yangu, urefu wa watu wake na ufupi wangu, nikasema ndiyo. Akaandika.

Siku hazina majina tena. Ziko za lori na zisizo na lori. Lori likija nasimama mahali ambapo wanaoshuka wataniona. Wanashuka kwanza watoto, kisha magodoro, kisha wanawake, na kila mwanamke anayeinama kwa sababu ya urefu wake huusimamisha moyo wangu mpaka ainue uso.

Jana alishuka mmoja, peke yake, hana mzigo hata wa kushika kwapani. Alikuwa wa umri wangu au karibu. Alisimama juani akilitazama daftari, meza na kamba za kupangia foleni kama mtu aliyeyaona haya yote zamani, akayasahau, na sasa ameambiwa ayakumbuke. Nikamwendea. Nikamsalimu kwa Kidinka kile kidogo nilichonacho, chenye makosa mengi.

“Umetoka wapi, dada?”

“Bor,” akasema.

Nikawa na swali la pili mdomoni. Lilikuwa fupi, la majina mawili tu. Nilimtazama miguu, ilivyopasuka, na vumbi lilivyopanda mpaka magotini. Nikamshika mkono, nikamwongoza kivulini, kwenye ukuta wa ofisi, nikakunja ncha ya shuka langu nikamtandikia. Aliketi taratibu. Nami nikaketi kando yake, karibu, bega kwa bega, nikamwacha kwanza apumzike.